Hewa ni ya bote: nani anagawa rezo ya Lubumbashi?



Kila mangaribi, tangu saa moya mpaka saa tano ya usiku, mu muji wetu munasikilika neno moya: «Rezo imekufa.» Banalisema ku Kamalondo, banalisema ku Katuba, ku Ruashi vilevile. Mama mwenye mutoto wake iko Kolwezi anamuita ku WhatsApp: sura ya mutoto inasimama kinywa wazi, sauti inakatika. Mwanafunzi anashusha silabusi, kaduara kanazunguka tu. Mutu wa kabini anabonyeza kodi ya pesa mara tatu, na mukiliya anamuangalia sawa mwizi. Na ku zile telefone zote, mistari ya rezo iko ine, imejaa.

Tunasikiaka majibu tatu. Bamoja banasema ni SNEL. Bengine banasema leta imekata. Ba tatu banasema kampuni inaiba mega. Kila jibu iko na siku yake ya kuwa kweli, tutairudilia. Lakini mangaribi mingi sababu ni ingine, na haisemwi sana: njia ya hewani ni moya, batu ni bengi, na kuko mutu mwenye alikata kauli namna ya kuigawa. Ile mugawo haiko mvua, haitoke mbinguni. Inapangwa mu ofisi, na hesabu. Na kitu chenye batu banapanga, batu bengine beko na haki ya kuuliza juu yake.

Bazee betu banakumbuka foni. Mu miaka ya 1990, wakati telefone ya posta ilikuwa imekufa mu sehemu kubwa ya inchi, mutu mwenye alitaka kutuma habari Mbuji-Mayi ao Kalemie alikuwa anaenda ku foni: ku paroisi, ku mufanya biashara fulani, ku ofisi ya kusafirisha mizigo. Ile radio ilikuwa na frekansi moya kwa batu bote. Kila kituo kilikuwa na saa yake. Moya anasema, bengine bananyamaza. Akimaliza anasema «terminé», na wa pili anatwala. Babili bakisema pamoja, hakuna mwenye anasikia kitu, ni kelele tu. Na bote benye kuwa ku ile frekansi walikuwa banasikia mambo yako yote: matanga, deni, ndoa yenye kuharibika. Siri haikuwako. Lakini mugawo ulikuwa wazi. Kama mutu anakula saa ya bengine, bote banasikia ni nani.

Telefone ya leo inafanya kazi moya na ile foni. Ulizo ni lilelile: frekansi ni moya, nani aseme wakati gani? Tofauti ni kama leo hakuna mwenye anasikia nani anakula saa ya nani.

Kuko namna ya kugawa bila mukubwa. Mu 1971, ku université ya Hawaii, Norman Abramson na wenzake balianzisha rezo ya radio yenye jina Aloha. Kila mashini ilikuwa inasema wakati inataka. Kama imegongana na ingine, inangoja kidogo, inarudilia. Inafanya kazi, lakini hesabu inaonyesha kama ku njia ya namna ile, kazi ya kweli haiwezi kupita karibu 18 ku 100. Yenye inabakia inapotea mu kugongana ao mu kimya. Wi-Fi ni mujukuu wa Aloha, na iko na akili zaidi juu inasikiliza mbele ya kusema. Lakini hata pale hakuna mukubwa. Ndiyo maana mu sale yenye kujaa batu, Wi-Fi inachoka.

Ku telefone, mukubwa iko. Ni antena. Haupate nafasi hata kidogo bila antena kukupa, na antena inafuata sheria zenye iliandikiwa na kampuni. Tukumbuke ile.

Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa ku mwisho wa miaka ya 1980, telefone ya batu ba feza. Kisha mu miaka ya 2000 ikakuja GSM, na sisi bote tukaingia. GSM inagawa njia na akili sana. Inatwala kipande cha frekansi cha kilohertz 200, inakikata mu zamu 8. Kila zamu inadumu chini ya milisekunde moya. Ya 8 ikipita, inarudi ya 1. Wewe unasema ku zamu ya 3, mwenzako ku zamu ya 4, na juu zamu zinarudi zaidi ya mara 200 mu sekunde moya, hakuna mwenye anasikia kama amekatwa. Ni foni ya zamani, lakini mwenye anasema «terminé» ni mashini.

Kama zamu zote ziko na batu, mwenye anafuata anakataliwa. Telefone inamuambia rezo iko na kazi, ajaribu tena. Hakuna mwenye anapenda kusikia vile, lakini angalia bintu bibili. Ya kwanza: ulijua kama umekataliwa. Ya pili: haukulipa kitu. Simu yenye haikupita haikukata inite yako, na kampuni ilipoteza feza. Kwa hiyo kampuni yenyewe ilikuwa na sababu ya kuongeza zamu.

Na haikuwa inapanga na macho yamefungwa. Mutu wa Danemarki, Agner Krarup Erlang, mwenye alitumika ku kampuni ya telefone ya Copenhagen, alianza kutangaza hesabu ya hii jambo mu 1909. Ukijua ni simu ngapi zinaingia mu saa yenye batu bengi, na kila simu inadumu dakika ngapi, hesabu yake inakuambia unapashwa kuwa na njia ngapi ili, tuseme, simu 2 tu ku 100 zikataliwe. Zaidi ya miaka mia moya sasa. Inafundishwa mu mashule ya ufundi ya dunia yote. Kama mu quartier fulani simu 20 ku 100 zinakataliwa kila mangaribi, na inadumu mwaka muzima, tusiite ile bahati mbaya. Mutu aliona hesabu, akaamua kama ile quartier itangoja.

Sasa tukuje ku 4G, juu hapa njo mambo iligeuka bila sisi kuelezwa.

4G ilianza ku Kongo mu 2018. Yenyewe haina zamu za kudumu. Antena inatwala njia yake, tuseme ya megahertz 10, inaikata mu bipande 50, na kila milisekunde inaamua upya: hivi kwa huyu, vile kwa yule. Ni kitu ya ajabu, hatukatae. Mutu akiwa peke yake anapata yote. Bakiwa 10 banagawana. Bakiwa 200 banagawana vilevile, hakuna mwenye anafukuzwa, na kila mutu anapata makombo. Tufanye hesabu ya mufano: kama upande moya wa antena unapitisha megabiti 30 kwa sekunde, na batu 200 banavuta pamoja, kila mutu anabakia na 0,15. Video ndogo ya telefone inapenda karibu 1. Haipite.

Mistari ine yenye kujaa inasema tu kama telefone yako inasikia antena muzuri. Haiseme ni batu wangapi beko mu mulongo mbele yako. Unaweza kusimama chini ya pilone yenyewe, mistari yote imejaa, na hauna kitu. Batu banadanganyika kila siku na ile mistari, na hakuna kampuni yenye ilishaweka ku telefone alama ya kuonyesha mulongo.

Na feza? Hapa fungueni macho. Wakati wa simu ya GSM, rezo ikijaa, kampuni njo inapoteza. Leo unanunua forfe mbele: mega fulani kwa masaa 24, ao kwa siku 7. Rezo ikijaa mangaribi, mega zako hazitoke, lakini saa inatembea. Siku ya 7 inafika, yenye inabakia inafutwa. Kampuni imeshapata feza yake tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hasara ya rezo kujaa ilihama: ilitoka ku kampuni, ikakuja kwetu. Hakuna mwenye alituuliza kama tunakubali. Na mutu mwenye anafanya kazi muchana, sawa mama wa soko ya Kenya ao chofere wa taksi, iko na nafasi ya kutumia forfe yake mu saa ileile yenye haitumike. Mwenye kushinda mu ofisi na Wi-Fi, yeye anatumia intaneti saa ine ya asubui, wakati njia ni wazi. Bei ni moya, bintu si moya.

Kuko forfe za usiku, mega mingi kwa bei ya chini kisha saa sita ya usiku. Bamoja banaziita zawadi. Ni namna ya kuuza njia wakati hakuna mutu anaitaka. Si mubaya, hata njia ya treni inafanya vile. Lakini inaonyesha kama kampuni inajua muzuri sana saa yenye rezo inajaa na saa yenye inabakia wazi. Kama inajua mpaka inaweka bei, inaweza kutuambia.

Sasa jambo lenye batu bengi habajue, na linagusa communes zetu kabisa. Fikirini robine ya avenue. Moya tu, batu mulongo, kila mutu na bido yake. Kama bido zote ziko na kinywa kikubwa, mulongo inaenda. Anakuja mutu mwenye bido ya kinywa kidogo: maji inamwangika, anapunguza robine, anajaza pole pole. Bido ni ya litre 20 sawa za bengine, lakini inakula wakati mara ine. Bote benye kuwa nyuma yake banangoja.

Telefone yenye iko mbali na antena, ao yenye iko nyuma ya ukuta munene na mabati, ni ile bido ya kinywa kidogo. Antena inapashwa kusema nayo pole pole, na kurudilia-rudilia, ili isikie. Kipande kimoya cha njia kwa mutu wa karibu kinaweza kubeba habari zaidi ya mara kumi kuliko kwa mutu wa mbali. Kwa hiyo mutu wa Kalebuka ao wa Kasungami, mwenye antena yake iko mbali, hateseki peke yake. Akivuta video ileile yenye wa karibu anavuta, anakula njia mara kumi, na wa karibu naye anapungukiwa. Si kosa yake. Yeye hakuchagua mahali pa kusimamisha pilone.

Na mashini inafanya nini na ile bido? Kuko namna mingi. Unaweza kuiambia antena: wape kwanza benye kuwa karibu, juu pale njia inabeba mingi. Hesabu ya jumla inakuwa muzuri sana, kampuni inaonyesha ripoti, na batu ba mbali banalala njaa. Unaweza kuiambia: kila mutu apate sawasawa. Haki inakuwako, lakini bote banakwenda na mwendo wa bido ya kinywa kidogo. Mara mingi bainjinia banachagua kitu cha katikati. Hatuko hapa kuwafundisha kazi yabo. Lakini ule uchaguzi ni siasa yenye kuingia mu mashini, sawa vile kuchagua barabara gani itiwe lami ni siasa. Tena kuko ulizo lenye tunauliza wazi: je, mu ule mulongo, kuko benye banalipa ili bapite mbele? Kampuni kubwa za mgodi, ofisi, mabanki? Kama beko, tuambiwe. Kama habako, tuambiwe vilevile.

Kwa sisi dawa inaonekana. Antena karibu na Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi haiko sadaka kwa batu ba Annexe. Kila bido ya kinywa kidogo yenye inatoka mu mulongo ya antena ya mbali inarudisha njia kwa bengine bote ba ile antena. Lubumbashi iko na batu zaidi ya milioni mbili, na muji unapanuka kuelekea Annexe kila mwaka. Pilone zinapashwa kufuata batu, zisifuate tu mifuko.

Tuseme pia kidogo juu ya pesa ya telefone, juu hapa batu banapoteza mpaka kulia. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: mara mingi unafungua na kodi yenye nyota na kodole, bila intaneti. Batu banafikiri ile kodi haihitaji njia. Inahitaji. Ku GSM inapita ku kanjia kadogo kenye antena inatumia kwa kupanga simu na kupitisha SMS, na kale kanjia nako kanagawanywa. Kakijaa, kodi inakatika katikati: feza imetoka kwako, haijafika kwa mwenzako, na ujumbe haukuji. Kwa mutu mwenye analipa kosio ya hospitali usiku, dakika kumi na tano ya kungoja ule ujumbe ni mingi. Mutu wa kabini njo anatukanwa, na yeye hana hata kosa moya.

Tunarudilia yale majibu tatu. SNEL: kweli, antena inakula moto, na moto ikikatika, pilone inaenda na batri ao na groupe, mazutu ikiisha, inazima. Lakini antena yenye kuzima inafuta mistari ku telefone, ao inakutupa ku antena ya mbali. Mistari ine imejaa na hakuna kitu kinapita, angalia mulongo mbele ya kulaumu SNEL.

Leta kukata: ilishakuwa kweli, na hatutasahau. Mu Januari 2015, wakati vijana balitoka mu barabara juu ya sheria ya uchaguzi. Na tangu tarehe 31 Desemba 2018, kesho ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa inchi muzima, karibu wiki tatu. Ile ilikuwa kauli ya serkali, na tuliipinga. Lakini kukata kuko na sura yake: kampuni zote pamoja, muchana na usiku, muji kwa muji, kwa saa moya. Rezo yenye inakufa saa mbili ya mangaribi na inafufuka saa saba ya usiku haikukatwa, imejaa. Vijana wenzetu, tuache kuandika «banatukatia» kila siku yenye video haifunguke. Tukilia mbwa-mwitu kila mangaribi, siku yenye batakata kweli hakuna mwenye atatusikia. Na kampuni zinafurahi sana sisi tukilaumu leta kwa kitu chenye ni kazi yabo.

Kampuni kuiba mega: tunapokea malalamiko, na kila moya inapashwa kuangaliwa na ushahidi wake. Lakini forfe yenye kuisha na mega ndani yake haihitaji mwizi. Imeandikwa mu masharti. Hapo njo pa kupigana.

Sasa, frekansi ni ya nani? Katiba ya kimataifa ya mawasiliano, ile ya Umoja wa UIT, kifungu cha 44, inasema frekansi za radio ni mali ya asili yenye mipaka, na inapashwa kutumiwa na akili na bila kuharibu. Mali ya asili, sawa shaba. Sisi ba Katanga tunajua ile neno inamaanisha nini: kitu chenye kiko kwetu, chenye bengine banachukua na ruhusa ya leta, na faida tunaisikia tu ku radio. Katiba ya Kongo, kifungu cha 58, inasema Bakongomani bote beko na haki ya kufurahia mali ya taifa, na Serkali iko na kazi ya kuigawa na haki. Hatuone sababu gani ile kifungu iishie ku shaba na kobalti, isifike ku hewa yenye iko juu ya nyumba zetu. Kampuni haikununua ile hewa. Ilipewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa inaweza kuwa na masharti. ARPTC njo iko na kazi ya kusimamia, tangu sheria za mwezi wa 10 mwaka 2002, na sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeongeza.

Wakubwa batasema: kupima kila antena ni kazi mingi, hatuna njia. Tunakumbuka RAM. Mu 2020, leta ilianza kukata feza ku telefone za batu: karibu dola 1 kwa mwaka ku telefone ya 2G, dola 7 ku ya 3G na 4G. Inite yako ilikuwa inaliwa bila kuuliza. Kelele za wanainchi na za babunge zilifanya iachwe mu 2022. Lakini RAM ilitufundisha kitu: Serkali iliweza kujua kila telefone, ni ya aina gani, imelipa ao haijalipa, na kukata feza moya moya mu inchi muzima. Mwenye aliweza ile hawezi kutuambia ati kuhesabu mulongo ku antena ni nguvu. Kuhesabu ni rahisi zaidi, juu kila antena inajihesabu yenyewe, saa kwa saa. Bila ile namba kampuni haiwezi kufanya kazi. Namba ziko. Zinabakia mu sanduku tu.

Kampuni nazo ziko na maneno yao, na hatuwezi kuyatupa. Mazutu ni bei. Kodi ni mingi na zinatoka ku kila mulango: Kinshasa, province, commune. Bezi banaiba batri na kamba ya shaba. Ni kweli. Pilone moya inaweza kubeba kampuni kadhaa. Helios Towers inafanya ile kazi mu inchi yetu, na ni namna ya kupunguza bei ya kujenga. Lakini kushirikiana pilone hakushirikishe frekansi: kila kampuni inabakia na njia yake. Kama shida ni kodi, kampuni zitoe namba, na sisi tutaenda nazo ku mulango wa wakubwa kulalamika juu ya kodi. Tutafanya ile bila haya. Lakini hatuwezi kupigania mutu mwenye anaficha hesabu yake.

Bengine banatuambia Starlink itamaliza mambo yote, tangu ARPTC iliipa ruhusa mu 2025. Itasaidia mahali pengi, kwa sababu kuko bijiji penye pilone haitafika kesho. Lakini satelite nayo inagawa njia: sehemu moya ya udongo, njia moya, benye kuwa mule banagawana. Mulongo haikufutwa, ilipanda juu. Na bei ya kile kisahani, mutu wa Katuba hana ile feza.

Kwa hiyo tunaomba bintu hivi, na tutabeba barua ku ARPTC na nakala ku Gouvernorat ya Haut-Katanga. ARPTC ipime rezo mu communes 7 za Lubumbashi mu saa za mangaribi, si saa ine ya asubui mbele ya ofisi ya kampuni. Namba zitangazwe commune kwa commune, kampuni kwa kampuni, na zielezwe na maneno yenye mama wa soko anasikia. Kampuni zitoe mpango wa pilone za Annexe, na tarehe. Mega zenye hazikutumika zisifutwe: ziongezwe ku forfe yenye inafuata, bila sharti ya kununua siku ileile. Kama mapimo inaonyesha antena ilijaa siku mingi mufululizo, benye balinunua forfe pale barudishiwe siku zabo. Na kama kuko benye kupita mbele mu mulongo, sheria yabo iandikwe wazi. Simu za hospitali na za hatari ziwe za kwanza, hakuna mwenye atabisha ile.

Hatutangoje na mikono mitupu. Tangu juma tatu yenye inakuja, kwa siku 14, tunaomba kila kijana mwenye anaweza apime mara tatu kwa siku: saa ine ya asubui, saa mbili ya mangaribi, saa sita ya usiku. Tumia programu ya kupima mwendo yenye haikule mega mingi, ao pima tu sekunde ngapi picha moya inatwala kufunguka, picha ileile kila mara. Andika commune, quartier, kampuni, saa, mistari ngapi, na namba. Ukiwa ndani ya nyumba andika ndani, ukiwa inje andika inje, juu mabati inageuza hesabu. Usiandike jina lako, usiandike namba ya telefone, hatubihitaji. Karatasi inatosha, viongozi ba commune batapita kuzikusanya. Benye kuwa Kalebuka, Luwowoshi na Kasungami, tunabahitaji kuliko bote.